Mbwa wa Kuchunga Kwenye Kamba: Mwongozo wa Kumfundisha Kutembea kwa Utulivu

Mbwa wa kuchunga ni mbwa ambaye mbegu yake ilizalishwa kwa vizazi vingi ili asaidie kuswaga, kukusanya na kuzuia kondoo au ng'ombe. Katika miji ya Afrika Mashariki anayefahamika zaidi ni German Shepherd, anayefugwa hasa kwa ajili ya ulinzi; Malinois wa Ubelgiji huonekana zaidi katika vikosi vya polisi na vya kupambana na ujangili; Border Collie na mbwa wa ng'ombe wa Australia ni wachache, ingawa nao wapo. Mara nyingi mbwa wa namna hii hushinda bandani na kufunguliwa usiku, hivyo kamba kwake ni kitu cha kufungiwa na wala si cha kutembelea, na siku anapotolewa nje ya geti humburuta aliyemshika hadi mwisho wa mtaa, kila kuku, kila bodaboda na kila kundi la watoto wa shule likimpa sababu mpya ya kuvuta.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji mwenye mbwa huyo, asiye na mwalimu wa mbwa karibu wala vifaa vya bei kubwa. Hoja inayouongoza ni moja: mbwa wa kuchunga huanza kuvuta kwa macho kabla hajavuta kwa shingo, na kwa sababu hiyo mafunzo yanayosubiri mpaka kamba ikaze huwa yamekwisha kuchelewa.

Kwa nini mbwa huyu huvuta

Mnyama wa jamii ya mbwa anapowinda hupitia hatua zinazofuatana: huona, hukaza macho, hunyatia, hukimbiza, huuma, huua, kisha hula. Raymond na Lorna Coppinger, katika kitabu chao cha mwaka 2001 kuhusu asili na tabia za mbwa, walieleza kwamba kila mbegu imerithi vipande tofauti vya mfuatano huo, na kwamba mbwa wa kuchunga amebaki na vipande vya mwanzo vilivyokuzwa sana, ilhali kile cha kuua kimefifishwa na uzalishaji. Ndiyo maana anaweza kumkodolea macho mbuzi aliye mbali bila haja yoyote ya kumla, kwa kuwa kukodoa na kukimbiza kwenyewe ndiko kunakomfurahisha, na raha ya namna hiyo haiondolewi kwa kipigo.

Hata hivyo mbegu za kuchunga hazifanani, na anayezichanganya hufundisha vibaya. Border Collie, mwenye asili ya mpakani mwa Uingereza na Uskoti, huwasukuma kondoo kwa kuwakazia macho akiwa ameinama. Mbwa mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893, alisifika kwa kufanya kazi hiyo kimyakimya, na damu yake imo katika sehemu kubwa ya mbegu hiyo hadi leo. Mbwa wa ng'ombe wa Australia, pamoja na Corgi wa Wales, alizalishwa ili aume visigino vya ng'ombe wakaidi, hivyo tatizo lake njiani ni meno zaidi kuliko kuvuta. German Shepherd ni jambo jingine kabisa. Mbegu hiyo, iliyowekewa misingi na Max von Stephanitz nchini Ujerumani mwaka 1899, ilitokana na mbwa waliozuia kondoo wasivamie mazao katika mashamba yasiyo na uzio. Mbwa alikuwa ua linalotembea, akienda na kurudi kando ya mpaka kwa mwendo wa mchapuko siku nzima. Mwendo huo wa mchapuko ni wa kasi kuliko mwendo wa kawaida wa mtu, kwa hiyo German Shepherd anayevuta huenda hamfukuzi mtu wala kitu, bali anatembea tu kwa kasi aliyoumbiwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kazi hiyo si ile inayofanywa na mbwa wa wafugaji wa Kimaasai, ambao hufuatana na mifugo na kubweka mnyama mkali anapokaribia, huku kuongoza kundi kukibaki kazi ya mtu. Kwa hiyo msomaji aliyekulia kwenye boma asishangae kuona kwamba mbwa wake wa mbegu ya kigeni anataka kumzunguka kila ndama na kila mtoto anayekimbia.

Sababu ya pili ya kuvuta ni ya kawaida zaidi na haihusu mbegu. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba mnyama hurudia tendo linalomletea matokeo anayoyataka. Mbwa anayevuta akafika kwenye mti anaotaka kuunusa amelipwa, na aliyemshika ndiye aliyemlipa kwa kukubali kusogea.

Vifaa

Kamba inayofaa ina urefu wa takriban mita 2, na ni ya mkanda wa nailoni au ngozi wenye upana wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa mbwa mkubwa. Mkanda wa nailoni huuzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya mabegi, na fundi viatu anaweza kuutia kishikio na kulabu. Cha kukaguliwa ni mshono wa kwenye kulabu, ambao unapaswa kuwa wa mraba wenye msalaba ndani yake, kwa maana mshono wa mstari mmoja hufumuka siku mbwa wa kilo 30 anaporuka ghafla. Kamba ya katani huchubua viganja na mnyororo ni mzito, tena mbwa anaujua kuwa ni kitu cha kufungiwa bandani. Kamba zinazojikunja ndani ya kasha la plastiki nazo hazifai wakati wa mafunzo, kwa kuwa hukaza muda wote na hivyo humfundisha mbwa kwamba kuvuta ndiko kunakorefusha kamba.

Badala ya kufunga kamba kwenye kola ya shingoni, ni bora itumike hatamu ya kifuani, yaani mikanda inayozunguka kifua na mbavu, yenye pete mbele ya kifua. Mbwa anapovuta akiwa na pete ya mbele, mwili wake hugeuzwa kumwelekea aliyemshika. Akiwa na pete ya mgongoni peke yake huweza kuegemea mikanda na kuvuta kwa raha zake. Kola ibaki kwa ajili ya kibati chenye namba ya simu, na ikazwe kiasi cha kuruhusu vidole viwili kupita chini yake. Wenye mbegu za Collie wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa kichwa chembamba cha mbwa hao huchomoka kirahisi kwenye kola anaporudi nyuma kwa hofu.

> KISANDUKU: Kola za kunyonga na za miiba
> Kola ya mnyororo inayojikaza na ile yenye miiba ya ndani hupunguza kuvuta kwa kuumiza. Hubana koo, na shinikizo shingoni huongeza pia shinikizo ndani ya jicho. Kwa mbwa wa kuchunga madhara makubwa zaidi ni ya akilini: akibanwa koo kila anapoitazama bodaboda, huunganisha maumivu na bodaboda, na aliyekuwa akitaka kukimbiza kwa mchezo sasa hutaka kuuma kwa hasira. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nchini Tanzania na ile ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama nchini Kenya zote zinakataza kumtesa mnyama, na mafunzo si kisingizio.

Tuzo, yaani kitu anacholipwa mbwa kwa kufanya vyema, iwe chakula anachokitamani kweli. Maini au mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi, yakakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, hufaa kuliko biskuti za dukani na ni ya bei nafuu. Dagaa wakavu huja baada ya hapo. Kiasi kinachotumika njiani kipunguzwe kwenye mlo wa jioni. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa visitumike kamwe, vile vitatu vya kwanza kwa kuwa ni sumu kwa mbwa, na mifupa kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Afya kabla ya njia

Mbwa asiyechanjwa asitolewe barabarani. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza afikapo umri wa miezi 3 na kurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo za awali, ambazo kwa kawaida huisha karibu na wiki ya 16, afundishwe uani na abebwe mikononi akipelekwa kuona mtaa. Mbwa mchanga wa mbegu kubwa asikimbizwe kwa muda mrefu kwenye lami kabla mifupa yake haijakomaa, yaani hadi karibu na miezi 18, hasa German Shepherd, ambaye mbegu yake inajulikana kwa ugonjwa wa kiungo cha nyonga.

Manyoya ya mbwa hawa ni ya tabaka mbili, na mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema kuliko kwa jasho. Muda wa kutembea uwe kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni lami ikiwa imepoa. Kipimo ni mgongo wa kiganja: ukishindwa kukaa juu ya lami kwa sekunde 7, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Mbwa anayehema bila kukoma, ulimi ukiwa umekolea wekundu na miguu ikipepesuka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida, na apelekwe kwa daktari mara moja.

> KISANDUKU: Ivermectin
> Kupe hupatikana njiani, na wenye mifugo hupata kishawishi cha kumpa mbwa dawa ya ivermectin iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe. Mwaka 2001 watafiti wa Washington State University waligundua kwamba mbwa wengi wa jamii ya Collie wana badiliko la jeni linaloruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Mbegu nyingine za kuchunga, German Shepherd akiwemo kwa kiasi kidogo, huweza kuwa nalo pia. Dozi ya ng'ombe huweza kumuua mbwa wa namna hiyo. Dawa ya kupe itolewe na daktari wa mifugo aliyeambiwa mbegu ya mbwa.

Hatua ya 1: Neno la alama

Neno la alama ni neno fupi linalomjulisha mbwa, papo hapo, kwamba alichokifanya ndicho kinacholipwa. Haja ya neno hilo inatokana na wakati: mkono hauwezi kufika mdomoni kwa mbwa ndani ya nusu sekunde, lakini sauti inafika. Neno "Safi" linatosha, mradi watu wote wa nyumbani walitumie hilohilo.

1. Mwenye mbwa akae naye mahali pa utulivu akiwa na vipande 15 vya tuzo.
2. Aseme "Safi", kisha atoe kipande kimoja. Mkono usianze kusogea kabla ya neno, kwa kuwa mbwa atajifunza mkono na kulipuuza neno.
3. Arudie hadi vipande viishe, mara mbili kwa siku.
4. Apime kwa kulisema neno mbwa akiwa anatazama kwingine. Kichwa kikigeuka mara moja, hatua hii imekamilika.

Hatua ya 2: Macho yarudi kwa mtu

Hapa kamba huvalishwa, lakini hakuna anayetembea. Mwenye mbwa asimame uani kimya, asiite jina wala asivute, mpaka mbwa mwenyewe amtazame; papo hapo aseme "Safi" na tuzo itolewe kando ya paja, upande ambao mbwa atatembea. Kusubiri kwa mara ya kwanza huchosha, na wengi huharibu zoezi kwa kuita jina la mbwa mara kumi mfululizo, jambo linalomfundisha kwamba jina lake ni kelele isiyo na maana. Zoezi hili ndilo mzizi wa yote yanayofuata, kwa sababu jicho lililomrudia mtu haliwezi wakati huohuo kuwa limemkazia mbuzi.

Hatua ya 3: Kutembea uani

1. Kamba ishikwe kwa mikono miwili na ilegee kiasi cha kuning'inia kama herufi U kati ya mkono na hatamu.
2. Mwenye mbwa apige hatua moja. Kamba ikiwa bado imelegea, aseme "Safi" na kutoa tuzo pajani.
3. Aendelee kwa idadi isiyo na mpangilio: hatua 2, kisha 5, kisha 1, kisha 8, ili mbwa asiweze kukisia tuzo itatoka lini.
4. Kamba ikikaza, asimame. Asivute wala asiseme neno. Mbwa akilegeza kamba, hata kwa kurudi nusu hatua, aseme "Safi", atoe tuzo pajani, kisha waendelee.
5. Wakilazimika kusimama mara tatu mahali pamoja, ageuke na kuelekea upande mwingine, kwa kuwa kivutio kilichopo hapo bado kinamshinda mbwa.

Mwenye German Shepherd atembee kwa haraka kuliko alivyozoea, hasa dakika za mwanzo, kwa sababu kumtaka mbwa wa mchapuko aanze kwa mwendo wa kutembelea maua ni kumtega. Mwenye Border Collie afanye kinyume chake kwa namna fulani: abadilishe mwelekeo mara kwa mara, akigeuka kushoto, kulia na nyuma, maana mbwa huyu hutulia anapopewa kitu cha kufuatilia, na mtu asiyetabirika ni kitu cha kufuatilia. Mazoezi ya dakika 5, mara tatu kwa siku, hushinda ya saa nzima mara moja kwa wiki.

Hatua ya 4: Geti

Mbwa aliyekwisha kupandwa na mori getini hatasikia neno lolote barabarani. Kwa hiyo geti lifundishwe peke yake, kama somo kamili.

1. Mbwa akirukaruka anapoiona kamba, kamba irudishwe kwenye msumari na mtu akae chini. Itachukuliwa tena atakapotulia.
2. Mbele ya geti mbwa aketi. Mkono uguse komeo. Akinyanyuka, mkono uondoke.
3. Geti lifunguliwe kidogo. Akisukuma, lifungwe taratibu bila kumbana.
4. Likifunguka lote mbwa akiwa bado ameketi, mwenye mbwa atangulie kutazama nje, kisha ndipo aseme "Twende".

Safari za kwanza za nje ziwe za mita 10 na kurudi. Aibu ya kuonekana na majirani ukirudi kabla hujafika popote imewaharibia wengi mafunzo mazuri, na haina msingi.

> KISANDUKU: Alama za jicho
> Kabla ya kuruka, mbwa wa kuchunga huonyesha alama hizi, mara nyingi kwa mfuatano:
> ☐ Mdomo uliokuwa wazi ukihema hufungwa ghafla.
> ☐ Masikio huelekea mbele na macho huacha kupepesa.
> ☐ Kichwa hushuka hadi usawa wa mabega au chini yake.
> ☐ Hatua hupungua kasi. Mguu mmoja wa mbele huweza kubaki umeinuliwa.
> ☐ Mkia hushuka na kutulia.
> Muda wa kuchukua hatua ni tangu mdomo unapofungwa. Sekunde mbili baadaye mbwa huwa ameshaingia kazini.

Hatua ya 5: Vichochezi

Kichochezi ni kitu chochote kinachoamsha hamu ya kukimbiza, na kwa mbwa wa mjini kikubwa ni bodaboda, kinachofuatwa na baiskeli, kuku, mbuzi na watoto wanaokimbia. Kanuni ya kufanya kazi navyo ni umbali. Kila mbwa ana umbali ambao anaweza kukiona kitu na bado akafikiri, na umbali huo hupimwa kwa mdomo: mbwa anayekataa ini alilolipenda uani, au anayelinyakua kwa kuuma vidole, yuko karibu mno, na dawa ni kurudi nyuma mpaka ale kwa upole.

Kwa bodaboda, ambayo ndiyo mtihani mgumu, utaratibu ufuatao hufaa. Dereva wa kijiwe cha jirani akilipwa kidogo kwa muda wake husaidia bila shida.

1. Pikipiki iegeshwe ikiwa imezimwa, umbali wa takriban mita 30. Mbwa akiitazama, mwenye mbwa aseme "Safi" mara moja, kabla jicho halijaganda. Tuzo itolewe upande usioelekea pikipiki, ili kichwa kigeuke chote.
2. Irudiwe mpaka mbwa aanze kuitazama pikipiki na kumgeukia mtu mwenyewe bila kuambiwa. Hapo ameshika somo.
3. Umbali upunguzwe kwa mita chache. Kisha warudi mita 30, injini iwashwe, na kazi ianze upya.
4. Baada ya injini, pikipiki isukumwe kwa mkono. Baada ya hapo iendeshwe polepole. Mwisho iendeshwe kwa kasi ya kawaida. Kila jambo jipya likiongezwa, umbali nao uongezwe.

Mabadiliko mawili yasifanywe kwa pamoja. Anayeisogeza pikipiki na kuiwasha siku hiyohiyo huwa amempa mbwa mtihani wa darasa ambalo hajalisoma. Siku hizo za mazoezi mbwa asipitishwe kwenye barabara yenye pikipiki nyingi, kwa kuwa kila mara anapofanikiwa kuruka huwa amelipwa kwa sarafu anayoithamini kuliko ini.

Hata hivyo mtaa haungoji ratiba, na kichochezi huweza kujitokeza ghafla kwenye kona. Kwa ajili hiyo mbwa afundishwe uani, siku nyingi kabla, maneno "Huku huku": yakisemwa, mtu hugeuka nyuma kwa furaha na kwenda hatua kumi akitoa tuzo mfululizo. Njiani, kelele kama "We! Acha!" hazisaidii, kwa maana mbwa huzisikia kama mtu anayebweka naye. Njia ikikosekana, mwenye mbwa asimame kati ya mbwa na kitu hicho na kumwaga tuzo kadhaa kwenye majani, kwa sababu pua ikishuka ardhini jicho hulegea.

Adabu ya njia

Desturi ya kumtembeza mbwa kushoto si lazima ifuatwe. Kinachofaa ni mbwa awe upande ulio mbali na wapita njia, na afundishwe pande zote mbili. Katika miji ya pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, unyevu wa mbwa ukimgusa mtu au nguo humlazimu kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo, kabla ya kuswali. Mbwa mpole anayemnusa mzee anayekwenda msikitini amemsumbua kiasi hicho, hata kama hakumuuma mtu, na ni wajibu wa mwenye mbwa kuvuka barabara mapema. Saa za adhana ya Magharibi zikwepwe kwenye njia za msikitini.

Mbwa koko wakikaribia, kamba isikazwe, kwa kuwa mbwa aliyebanwa huonekana kwao kama anayetaka ugomvi. Kuinama kama anayeokota jiwe huwatawanya wengi wao bila jiwe lolote kurushwa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na mtu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo.

Watoto wa nyumbani waelezwe kwamba mbwa huyu akianza kuwazunguka au kugusa visigino vyao, wasikimbie wala kupiga kelele, bali wasimame tuli mikono ikiwa kifuani. Kukimbia ndiko kunakomwita.

Kazi baada ya kutembea

Mbwa wa kuchunga asiye na kazi hujitafutia. Njiani apewe vituo vya kunusa kwa dakika moja au mbili kamba ikiwa imelegea, na kunusa huko kuwe malipo ya mwendo mzuri. Akirudi uani afichiwe tuzo chini ya makopo au nyuma ya ndoo azitafute, au afundishwe kuzunguka mti kwa amri na kurudi. Malinois na Border Collie wanahitaji jambo hili kuliko wengine, na kuongeza kilomita hakulitoshelezi. Mbwa anayekimbizwa kila siku bila kutumiwa akili hugeuka mwanariadha mwenye pumzi ya kuvuta saa nyingi zaidi. Wachungaji wa Uskoti na Wales huwa na usemi maalumu wa kumjulisha mbwa kwamba kazi imekwisha, na mwenye mbwa wa mjini naye achague wake, kama vile "Basi, imetosha", autumie kila mwisho wa zoezi, kisha asimsemeshe tena mbwa kuhusu kazi.

> KISANDUKU: Makosa yanayoonekana mara nyingi
> ☐ Kamba kuzungushwa kiganjani. Mbwa akiruka huvunja vidole.
> ☐ Kulegeza masharti kwa sababu mtu amechelewa kazini.
> ☐ Kumpapasa na kumbembeleza mbwa aliyekwisha kukodoa macho. Hasikii.
> ☐ Kutoa tuzo mbele ya mwili wa mtu, jambo linalomtoa mbwa pembeni na kumleta mbele ya miguu.
> ☐ Kuacha tuzo mara tu mambo yanapoanza kwenda vizuri. Zipunguzwe taratibu, kwa miezi.

Kosa moja linahitaji nafasi yake. Katika nyumba nyingi anayemfundisha mbwa Jumamosi ni mwenye nyumba, na anayemtembeza siku sita zilizobaki ni mlinzi au kijana wa kazi, ambaye hakuelezwa lolote na aliyepewa fimbo ajihami. Mbwa hujifunza kwa siku sita. Mlinzi afundishwe kwanza, apewe mfuko wa tuzo na neno "Safi", na muda wa kazi hiyo uhesabiwe kuwa kazi, kwa maana mtu aliyeambiwa amtembeze mbwa kwa dakika kumi kabla ya kufagia uwanja hatasimama kila kamba inapokaza.

Mafunzo yakirudi nyuma

Kati ya miezi 6 na 18 mbwa aliyekuwa akitembea vizuri huweza kuonekana amesahau yote. Huo ni ujana wake, na hautibiwi kwa ukali. Mwenye mbwa arudi hatua mbili nyuma, aongeze umbali kutoka kwa vichochezi, na kuendelea kama mwanzo. Kurudi nyuma kwa ghafla kwa mbwa mzima ni jambo tofauti, na mwenye mbwa aanze kwa kumpeleka kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa maumivu ya nyonga, sikio au jino humfanya mbwa mtulivu awe mkali.

Mbwa aliyewahi kumuuma mtu njiani avishwe kifunga mdomo cha kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, ambacho amezoeshwa nyumbani kwa kupakwa siagi ya karanga isiyo na sukari wala kitamu bandia ndani yake. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kisitumike kwenye joto. Mbwa aliyekwisha kupita mbele ya kijiwe cha bodaboda kwa kamba iliyolegea, kwa wiki kadhaa na kwa nyakati tofauti za siku, aweza kuhamishiwa kwenye kamba ya mita 5, ikifungwa kwenye pete ya mgongoni na katika uwanja wa wazi usio na mifugo.